Weupe kwenye picha ya ubongo wa mwanangu ulikuja ukatoweka. Picha ipi ilisema kweli?

Daktari, salamu kutoka Ahero.

Kifungua mimba wangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Ana kifafa tangu akiwa na miaka tisa, mwaka mmoja baada ya malaria kumpanda kichwani akalazwa. Anameza kabamazepini asubuhi na jioni, na kwa karibu miaka miwili hakuwa ameanguka. Tulikuwa tumeanza kusahau.

Likizo iliyopita mto Nyando ulivunja kingo. Maji yaliingia hadi jikoni, tukahamia kwa shemeji yangu upande wa juu, sisi na magodoro na kuku. Dawa za kijana zilikuwa zimebaki za siku mbili. Zilipokwisha nikasema, maji yakipungua nitaenda mjini nichukue nyingine. Siku nne zikapita. Alfajiri ya siku ya tano nikasikia mama yake akipiga kelele.

Ilianzia mkono wa kushoto, kisha mwili mzima. Kwa kawaida yeye ni dakika mbili au tatu, halafu analala. Siku hiyo haikukatika. Mama yake alimtia kijiko mdomoni, jino la mbele likavunjika. Kijiko hicho tunacho mpaka leo, mpini wake umepinda. Tulimbeba kwa mkokoteni hadi kwenye lami, tukapata tuktuk. Njiani mtetemeko ulipungua, nikadhani anapona, ila mdomo na vidole vya kushoto viliendelea kuchezacheza na macho yalikuwa yamegeukia upande mmoja. Hospitalini alidungwa sindano, akaongezwa ya pili, kisha dawa nyingine kwa dripu, ndipo ikakatika. Nikihesabu, zilikuwa dakika 50 hivi.

Alipoamka kesho yake, mkono wa kushoto ulikuwa hauinuki. Kufikia jioni alikuwa anashika kikombe. Siku ya tatu akapigwa picha ya MRI, ile mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya kichwa. Madaktari wa wadi walitoa maji ya mgongo wakasema ni safi, na wakatuambia picha irudiwe baada ya wiki sita au zaidi. Sisi hatukuweza kungoja. Tuliichukua ile picha tukaenda nayo kwenye kliniki moja ambayo siitaji jina. Kijana aliyetupokea aliinua filamu dirishani, akatuonyesha weupe upande wa kulia, akasema hicho ni kiharusi au ni uvimbe ulioota ubongoni, tujiandae. Mama yake alikaa chini pale pale sakafuni.

Ndugu yangu mkubwa akataka tuuze shamba tumpeleke India akapasuliwe. Mimi niliuza mtamba, tukarudia picha baada ya wiki saba. Ripoti ya pili inasema weupe umekwisha, hakuna kiharusi, hakuna uvimbe, ila kitu kinachoitwa hipokampasi upande wa kulia kimepungua kidogo.

Sasa Daktari, mashine ya kwanza ilikosea? Au ni hii ya pili isiyoona vizuri? Huko kupungua ni ubongo unaoza? Na hizo siku nne bila dawa, ni mimi niliyemharibu mtoto? Mama yake amekataa asirudi shule. Kijana mwenyewe hasemi kitu, anakaa tu chini ya mwembe.

Baba wa kifungua mimba, Ahero

*

Mzee wangu, pole kwa mafuriko, na pole zaidi kwa alfajiri ile.

Picha zote mbili zilisema kweli. Ya kwanza ilionyesha ubongo ulivyokuwa siku tatu baada ya kifafa cha dakika 50. Ya pili imeonyesha ulivyo baada ya wiki saba. Weupe ule sio uliomwangusha kijana. Ni kifafa chenyewe kilichouleta. Mngeambiwa sentensi hiyo moja pale dirishani, mama watoto asingekaa sakafuni.

Weupe kwenye picha kama hizo, mara nyingi, ni maji yaliyozidi au yaliyokwama mahali pasipo pake. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yetu, na hapo ni siku tulivu. Kifafa kikianza, seli nyingi mno zinafyatuka kwa pamoja bila kupumzika, na damu inakimbilia huko kuzilisha. Kwa dakika chache inatosha. Kikiendelea, mahitaji yanapita kile kinacholetwa. Kila seli ina pampu ndogo ndogo ukutani mwake, zinazotoa sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani. Nguvu zikiisha, pampu hizo zinalegea, sodiamu inajaa ndani, na penye chumvi maji hufuata. Seli inavimba.

Wewe mtu wa Ahero utalielewa hili kuliko wengi. Nyando ukivunja kingo, kuna maji yaliyosimama uwanjani na kuna yale yaliyoingia ndani ya nyumba. MRI ina namna moja ya picha inayotambua hasa maji yaliyofungiwa ndani, yasiyoweza kutembea, na namna nyingine inayoonyesha maji yote, ya ndani na ya nje. Kifafa kirefu huweza kung'arisha zote mbili, kwa kuwa hata kuta za mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Mtu akiitazama tambarare yenu ya Kano kutoka angani siku ya tatu ya mafuriko ataapa kwamba vijiji vimekwisha. Wiki saba baadaye unakuta nyumba nyingi zimesimama, zilihitaji kukauka tu. Lakini unakuta pia ukuta wa udongo uliokaa majini kupita kiasi, umemomonyoka chini.

Hipokampasi ndiyo ukuta huo wa udongo. Ni sehemu ndogo iliyojikunja ndani kabisa ya ubongo usawa wa sikio, moja kila upande, na jina lake limetokana na farasi wa baharini kwa sababu ya umbo. Kazi yake kubwa ni kumbukumbu mpya: jambo lililotokea asubuhi, njia uliyopita jana. Seli zake huumia upesi kuliko za sehemu nyingine nyingi. Kifafa kirefu humwaga kwa wingi kemikali iitwayo glutameti, ambayo ndiyo seli huitumia kuamshana, na ikizidi inaruhusu madini ya kalisi kufurika ndani ya seli hadi seli inajiua. Kuna watu waliodhani kinachoumiza ni kukosa pumzi tu wakati wa kutetemeka. Mwaka 1973 watafiti Uingereza, Meldrum na wenzake, walionyesha kwa nyani kwamba hata ukimsaidia mnyama kupumua na ukalinda shinikizo lake la damu, kifafa kikikaa muda mrefu hipokampasi bado huumia. Ndiyo sababu sisi madaktari tunakimbizana na saa.

Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifafa uliweka mipaka miwili mwaka 2015 kwa kifafa cha kukakamaa na kutetemeka mwili mzima. Kikifika dakika 5 hakitegemewi tena kukatika chenyewe, kwa hiyo tiba ianze. Kikipita dakika 30, hatari ya kuacha alama ya kudumu ipo. Kijana wako alivuka mpaka wa pili. Na naomba wasomaji wengine walitazame vizuri lile uliloliona ndani ya tuktuk: mwili ulitulia, macho yakabaki yamegeuka, vidole vinacheza. Huko sio kupona. Misuli imechoka, ubongo bado unawaka. Wengi huishia njiani hapo, wanageuza mkokoteni kurudi nyumbani wakishukuru Mungu. Nyinyi hamkugeuza.

Kuhusu yule kijana wa kliniki. Sitaki kumpiga mawe, maana weupe wa kifafa unafanana kweli na weupe wa kiharusi, na wako walioiva kazini ambao umewahi kuwatatiza. Lakini kuna mambo ya kutazama kabla ya kufungua mdomo mbele ya mama. Kiharusi cha mshipa kuziba hufuata shamba la mshipa mmoja, kama mfereji ulioziba unavyokausha mpunga wa upande wake tu, na damu huko huwa imepungua. Kifafa hakijali mipaka ya mishipa. Weupe unatambaa kwenye gamba la ubongo, unashika hipokampasi, mara nyingi unagusa sehemu ya nyuma ya thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, upande huo huo, na damu huko huwa imeongezeka. Wakati mwingine hata ubongo mdogo wa nyuma, upande wa pili, hung'aa. Uvimbe ulioota nao hauondoki wenyewe kwa wiki saba. Kilichokuwa na haki ya kututia wasiwasi ni virusi vya hapisi (herpes) vinavyoshambulia ubongo, kwa sababu navyo hupenda eneo lile lile la karibu na sikio. Ndiyo maana walitoa maji ya mgongo. Najua watu wengi huku kwetu wanaogopa sindano ile, wanasema inalemaza. Kwa mwanao ndiyo iliyofunga mlango mmoja mbaya, na nashukuru hamkuikataa.

Mkono uliogoma nao una maelezo. Upande wa kulia wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kushoto, na ndiko kifafa kilikoanzia. Seli zilizofyatuka kupita kiasi huzima kwa muda. Daktari Robert Bentley Todd alieleza hali hiyo London mwaka 1849 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Huisha kwa dakika au saa, mara chache hufika siku moja na nusu. Mkono uliorudi kushika kikombe kesho yake jioni unalingana kabisa na hilo.

Sasa huko kupungua. Haiozi, Mzee. Neno hilo liondoe nyumbani kwako, hasa kijana asilisikie. Kilichotokea, kama kimetokea sasa, ni kwamba baadhi ya seli zilikufa, maji yakakauka, na nafasi yake ikasinyaa na kuacha kovu. Nasema kama kimetokea sasa kwa sababu moja kubwa: hamna picha ya zamani ya kulinganisha. Mtoto aliyelazwa na malaria iliyopanda kichwani, kisha akaishi na kifafa miaka minane, angeweza kuwa na hipokampasi ndogo kabla ya mafuriko haya. Hakuna daktari mkweli atakayekuapia ni ipi kati ya hizo mbili. Inawezekana pia ni zote kwa pamoja.

Kovu la hapo lina maana mbili za kufuatilia. Ya kwanza ni kumbukumbu. Mtazame, lakini si kwa kumhoji kama polisi. Je, anasahau alikoweka vitu, anarudia swali lile lile, anapotea kwenye njia aliyoijua? Mwambie daktari wa kliniki ya kifafa ampime kumbukumbu kwa utaratibu, ijulikane alipo leo. Ya pili ni kwamba kovu lenyewe linaweza kuwa kiota cha kifafa kwa siku za usoni. Huko Marekani waliwafuatilia watoto waliopata degedege la homa la nusu saa na zaidi. Katika watoto 191 waliopigwa picha siku zile za mwanzo, 22 walikuwa na hipokampasi inayong'aa au inayotiliwa shaka, na baadhi yao baadaye walionekana na kovu. Mama mwenye mtoto mchanga anayesoma hapa asishtuke. Degedege nyingi ni za dakika chache na hupita bila alama. Ninachotaka uone ni hao wengine wengi, ambao nusu saa ile haikuwaachia weupe wowote pale.

Kwa kaka yako, mpe heshima yake kwa kutaka kuuza shamba kwa ajili ya mtoto. Halafu mwambie shamba libaki. Upasuaji wa kovu la hipokampasi upo na husaidia watu, ila hufikiriwa pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kumezwa ipasavyo zimeshindwa. Mwanao dawa moja ilimweka karibu miaka miwili bila kuanguka. Haikushindwa. Ilikosekana.

Hapo nimefika kwenye swali lako zito, na sitalizunguka. Ndiyo, kukatika kwa dawa ni miongoni mwa sababu kubwa za kifafa kisichokatika kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa huu, na yaelekea sana ndiko kulikoleta alfajiri ile. Lakini kusema wewe ndiye uliyemharibu mtoto si kweli. Ulikuwa unaokoa familia na maji. Hakuna aliyewahi kukuambia kwamba siku nne ni nyingi, kwamba dawa hizi si kama za malaria unazomaliza ukapumzika. Hilo ni deni letu sisi tunaoandika dawa, tunaokwambia "rudi baada ya mwezi" bila kuuliza mto uko umbali gani na nyumba yako.

Kuanzia sasa muwe na akiba ya wiki mbili mbali na zile anazomeza. Itieni kwenye mfuko wa plastiki, muiweke juu karibu na paa pamoja na vitambulisho na hati ya shamba, na kila mkichukua dawa mpya, zile za akiba zitumike kwanza, mpya ziingie mahali pake. Mvua ya masika ikianza kutangazwa, usingoje zibaki za siku mbili. Mkikwama kabisa, pigeni simu kituo cha afya kilicho karibu, hata kama sicho chenu. Kabamazepini ni dawa ya kawaida.

Muulize daktari wake kuhusu dawa ya dharura ya kukaa nyumbani na shuleni: dayazepamu ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, au midazolamu ya kutiwa kati ya shavu na fizi. Yeye ndiye wa kupima kipimo kwa uzito wa kijana. Kama ingekuwepo alfajiri ile, huenda tusingekuwa tunaandikiana.

Na kijiko. Mwambieni mama, kwa upole, kwamba ulimi haumezwi. Hakuna anayeumeza. Kijiko kinavunja meno, na kipande cha jino kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Kijana akianguka, atazame saa kwanza. Ndiyo, kabla ya kitu kingine chochote, maana dakika mbili za hofu huonekana kama ishirini. Amwondoe penye moto au ncha, ampe nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, amgeuze ubavu ili mate yatoke nje. Asimkandamize mikono, asimpe maji. Povu la mdomoni haliambukizi mtu. Ikipita dakika 5, au ikikatika na kuanza tena kabla hajaamka, dawa ya dharura itumike na safari ya hospitali ianze.

Shule arudi, daktari wake akishamwona. Namuelewa mama, lakini mvulana wa miaka 17 anayewekwa chini ya mwembe anajifunza kwamba maisha yake yameisha, na hayajaisha. Nenda shuleni wewe mwenyewe, usimtume mtu. Ongea na mwalimu wa darasa, msimamizi wa bweni na mmoja au wawili wa marafiki zake, kama yeye atakubali wajue. Alale kitanda cha chini. Asiogelee bila mtu anayejua hali yake. Omba asamehewe masomo yale ya saa kumi na nusu alfajiri: kukosa usingizi huamsha kifafa kwa wengi, na hakuna hesabu itakayoingia kichwani kwa namna hiyo. Dawa akae nayo msimamizi, lakini kijana aweke alama mwenyewe kwenye kalenda kila anapomeza.

Picha ya tatu haina haraka. Hakuna sababu ya kuuza mtamba mwingine ili kuhakikisha tu. Itafanywa kama kifafa kitarudi licha ya dawa, kikibadilisha sura, au kumbukumbu ikianza kushuka.

Hizi mbili mlizonazo usizitupe, hata ile iliyowatisha. Wengine huichoma ya kwanza kwa furaha. Ziweke pamoja kwenye bahasha, uandike tarehe kwa nje, na uandike pia saa kilipoanza na saa kilipokatika, maana bila dakika hizo msomaji mwingine wa picha anaweza kurudia makosa yale yale. Siku ya kliniki mzibebe zote mbili, filamu zenyewe, sio karatasi za ripoti tu. Na mkishaingia, mwombe daktari dakika kumi za kukaa na kijana peke yake, wewe ungoje kwenye benchi nje. Yapo maswali ambayo chini ya mwembe hajapata wa kumuuliza.